Maneno kwanza, muziki nyuma: watu wawili waliobadilisha teatre ya Marekani



Wengi kati yetu tuliona, tukiwa bado sekondari, ile filime inayoitwa kwa Kifaransa La Mélodie du bonheur: mwanamke kijana anatoka kwa masista, anaenda kulea watoto saba wa kapiteni mmoja kule Austria, anawafundisha kuimba. Mimi niliiona kwenye televizio ya jirani, na umeme ukakatika mbele ya mwisho. Wakati ule sikujiuliza nani aliandika zile nyimbo. Nilifikiri nyimbo za filime zinaota zenyewe sawa majani.

Kumbe ile filime ya mwaka 1965 ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani ulioanza New York mwaka 1959. Na ule mchezo ulikuwa wa mwisho wa watu wawili: Richard Rodgers, mtunga muziki, na Oscar Hammerstein, mwandishi wa maneno.

Nimesoma juu yao mwaka huu kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi na mwenzangu mmoja wa promosio, wote wawili walisansie wa kilimo, tulifungua pepinieri ya miche ya mboga. Miezi saba tu, tukaachana. Haikuwa juu ya franka. Tuligombana jina la nani litangulie kwenye karatasi. Njo maana nilitaka kujua: watu wawili wenye kichwa wanawezaje kufanya kazi moja bila mmoja kummeza mwenzake?

Mambo yalivyokuwa mbele yao

Tuelewane kwanza. Teatre ya nyimbo ya Marekani ni mchezo ambamo watu wanasema, kisha wanaimba, kisha wanacheza dansi, halafu wanarudi kusema. Makao yake makubwa ni Broadway, mjini New York. Katika miaka ya 1920 na 1930 michezo mingi ilitengenezwa hivi: unatafuta nyimbo tamu, unatafuta wachekeshaji, unapanga safu ya wasichana wa kucheza, halafu unatafuta hadithi ndogo ya kuvishikanisha vyote. Hadithi ilikuwa sawa kamba ya kuanikia nguo. Nani anaangalia kamba? Wimbo wa mchezo mmoja uliweza kuhamia mchezo mwingine na hakuna kitu kiliharibika.

Si yote ilikuwa hivyo. Tarehe 27 Desemba 1927, Hammerstein na mtunga muziki Jerome Kern walileta Show Boat, kutoka kitabu cha Edna Ferber. Mule ndani watu waliona wafanyakazi Weusi wakibeba mizigo kando ya mto Mississippi, na mwanamke muimbaji analazimika kuacha kazi yake juu damu yake imechanganyika, mume wake ni Mzungu, na sheria ya jimbo ilikataza ndoa ya namna ile. Nyimbo zilibeba uzito wa hadithi. Hammerstein alikuwa na miaka 32. Mtu angefikiri njia imefunguka.

Hapana. Uchumi ulianguka mwaka 1929, na wenye kutoa pesa walirudia vitu vyepesi. Kwa Hammerstein, miaka ya 1930 ilikuwa ya kiangazi. Michezo yake ilifungwa moja nyuma ya nyingine: mmoja wiki tatu, mwingine wiki tano, mwingine wiki sita. Very Warm for May ya mwaka 1939, aliyoiandika na Kern, ilionyeshwa mara 59 tu. Sunny River ya mwaka 1941 haikufika hata mara 40. Watu wa kazi walianza kusema kwamba zamani yake imekwisha. Alikuwa na miaka 46. Wewe uliyemaliza masomo miaka mitatu iliyopita na unaona sawa umechelewa, shika hesabu hiyo.

Rodgers na mwenzake wa kwanza

Wakati huohuo Rodgers alikuwa juu. Tangu mwaka 1919, akiwa bado kijana wa miaka 16, alifanya kazi na mwandishi Lorenz Hart. Pamoja walitoa nyimbo ambazo wapiga jazi wanazipiga mpaka leo. Namna yao ilikuwa hii: Rodgers anatunga muziki kwanza, Hart anakuja kuweka maneno juu yake. Hart alikuwa na akili kali sana, maneno yake yalikuwa na ucheshi na uchungu pamoja. Lakini alikuwa mtu wa pombe na wa huzuni. Alikuwa anapotea siku nyingi, na Rodgers alilazimika kumtafuta, kumkalisha kwenye chumba, kumngojea amalize.

Mwaka 1942 shirika moja la teatre, Theatre Guild, lilileta wazo. Lilitaka kugeuza mchezo wa Lynn Riggs, Green Grow the Lilacs wa mwaka 1931, uwe mchezo wa nyimbo. Ni hadithi ya wakulima na wachunga ng'ombe katika eneo litakaloitwa jimbo la Oklahoma. Hart alikataa. Hadithi ile haikumvuta, naye alitaka kwenda Mexico. Hammerstein, yeye, alikuwa ameshamwomba Kern waugeuze mchezo huohuo, Kern akakataa. Basi watu wawili walikuwa wanapenda shamba moja, kila mmoja amekataliwa na mwenzake.

Rodgers na Hammerstein walijuana tangu ujana, juu wote wawili walipita iniversite ya Columbia. Rodgers alipomwendea mara ya kwanza kulia shida yake na Hart, Hammerstein hakuruka juu ya fasi ya mtu. Alimwambia aendelee na Hart mpaka isiwezekane tena, na siku hiyo amwite. Hilo neno lilinipiga. Mtu ambaye michezo yake imekufa miaka kumi, mlango unafunguka mbele yake, anasema: hapana, ngoja kwanza.

Ile siku ilifika. Na tusifiche: ushirika huu mkubwa ulianza na ushirika mwingine kufa. Tarehe 31 Machi 1943, mchezo mpya ulipofunguliwa, Hart alikuwa ndani ya ukumbi akipiga makofi. Tarehe 22 Novemba ya mwaka uleule alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na miaka 48.

Kugeuza mpangilio wa kazi

Sasa njo tunafika kwenye kiini. Rodgers na Hammerstein walifanya kitu kimoja ambacho kinaonekana kidogo: waligeuza mpangilio. Hammerstein aliandika maneno kwanza, na Rodgers alitunga muziki nyuma.

Kwa nini ni kitu kikubwa? Muziki ukitangulia, maneno yanatafuta fasi ndani ya muziki, na hadithi inatafuta fasi ndani ya maneno. Kila kitu kinasukumwa na melodia. Maneno yakitangulia, mwandishi anaanza na maswali mengine: huyu mtu ni nani? Anataka nini saa hii? Anaogopa nini? Kwa nini hawezi tena kusema, mpaka aimbe? Muziki unakuja kujibu. Hapo wimbo hauwezi kuhamia mchezo mwingine, juu umeota ndani ya udongo wa hadithi yake.

Hammerstein aliishi kwenye shamba lake kule Doylestown, jimbo la Pennsylvania. Aliandika akiwa amesimama mbele ya meza ndefu, polepole sana. Wimbo wa kwanza wa Oklahoma! ulimchukua karibu wiki tatu. Rodgers alipopata yale maneno, muziki ulimtoka ndani ya dakika chache. Watu wanacheka: mmoja wiki, mwingine dakika! Lakini muziki ulitoka haraka juu kazi ya kupalilia ilikuwa imeshafanyika.

Kwa siye watu wa kilimo kuna jambo moja tamu. Ndani ya wimbo ule Hammerstein alitaka kusema mahindi yamefika urefu gani. Kwanza aliyapima na farasi mdogo wa wachunga ng'ombe. Halafu akatoka, akaenda kuangalia shamba la mahindi la jirani. Akakuta mahindi yamepita farasi mbali. Akarudi, akafuta farasi, akaweka mnyama mkubwa zaidi. Mtu alitembea mpaka shambani juu ya mstari mmoja! Wangapi kati yetu waliandika memware yote bila kukanyaga shamba wanaloandika?

Oklahoma! ilileta nini

Pazia linafunguka. Watazamaji wa Broadway wanangojea wasichana wa kucheza. Wanaona nini? Mama mzee mmoja, anasukasuka maziwa apate siagi, peke yake. Kutoka nje sauti ya mchunga ng'ombe inaanza kuimba juu ya asubuhi nzuri, bila hata ala nyingi. Njo mwanzo wote.

Hadithi yenyewe ni nyepesi ukiisikia: msichana Laurey ataenda kwenye karamu na nani, na Curly mchunga ng'ombe ama na Jud mfanyakazi wa shamba? Lakini chini yake kuna mambo mazito: wakulima wanaoweka uzio na wachunga wanaotaka njia wazi, watu ambao lazima wajifunze kuishi pamoja juu eneo lao linakuwa jimbo. Na kuna Jud, mtu mpweke ambaye hasira yake inaishia kwenye kisu na kifo, mbele ya macho ya watazamaji.

Hata dansi ilibadilika kazi. Agnes de Mille alitunga dansi ndefu ya ndoto mwishoni mwa sehemu ya kwanza: tunaingia ndani ya kichwa cha Laurey, tunaona hofu ambayo hawezi kuisema kwa mdomo. Dansi ilikuwa pambo. Pale ikawa sehemu ya hadithi. Mwongozaji Rouben Mamoulian alishikanisha vyote pamoja.

Ilikuwa katikati ya vita ya pili ya dunia. Vijana wenye nguo za jeshi walikuja kuuona mchezo mbele ya kuvuka bahari. Mchezo uliendelea mpaka Mei 1948, maonyesho 2,212, idadi ambayo hakuna mchezo wa nyimbo wa Broadway ulikuwa umeifikia. Diski zilizorekodiwa na waimbaji walewale wa jukwaani ziliingia kwenye nyumba za watu ambao hawangefika New York hata siku moja, na tangu hapo kurekodi michezo namna ile ikawa kawaida.

Na Hammerstein? Sifa zilipomjia, mwaka 1944 alinunua tangazo kwenye Variety, gazeti la watu wa teatre. Wengine wanatangaza ushindi wao. Yeye alipanga orodha ya michezo yake iliyoanguka, na idadi ya wiki ambazo kila mmoja ulidumu, halafu akaongeza kwamba aliweza mbele na ataweza tena. Yaani alijikumbusha mwenyewe, mbele ya watu wote, kwamba kuanguka hakujaenda mbali.

Kitu kilichokosekana

Sitaki mtoke hapa na hadithi ya watakatifu. Lynn Riggs, mwandishi wa mchezo wa kwanza, alizaliwa mwaka 1899 katika eneo lililoitwa Indian Territory, na damu ya Cherokee ilikuwa ndani yake kwa upande wa mama. Wacherokee walikuwa wamefukuzwa kwa nguvu kutoka kusini-mashariki ya Marekani katika miaka ya 1830, wakapelekwa kule wakiambiwa eti ile ardhi itakuwa yao. Mwaka 1907 eneo lao liliunganishwa na jingine, jimbo la Oklahoma likazaliwa.

Ndani ya Oklahoma! watu wanaimba kwa furaha juu ya ardhi. Wakulima wako. Wachunga wako. Wenyeji wa kwanza hawako. Mtu wa kilimo anajua: kila mara mnaposikia wawili wanagombania shamba, ulizeni nani alikuwa pale mbele yao. Mchezo uliofundisha Marekani kuweka hadithi mbele uliacha nje sehemu ya hadithi yenyewe.

Wimbo waliokataa kuutoa

Walifuata na Carousel mwaka 1945, ambamo mtu mkuu ni mume anayempiga mke wake na anayekufa katikati ya mchezo. Halafu South Pacific, tarehe 7 Aprili 1949, kutoka kitabu cha James Michener juu ya vita kwenye visiwa vya Pasifiki. Nellie, muuguzi kutoka Arkansas, anampenda mwenye plantasio mmoja Mfaransa. Anapojua kwamba yule bwana ana watoto wawili aliozaa na mwanamke wa kisiwani, moyo wake unarudi nyuma. Yeye si mtu mbaya. Njo ubaya wenyewe ulipo: mtu mwema, na chuki iko ndani yake.

Mwanajeshi mmoja, anayempenda msichana wa kule na anayeogopa kumuoa, anaimba wimbo mfupi unaosema kwamba chuki haizaliwi na mtu, inafundishwa kwa watoto tangu wadogo. Washauri waliwaambia wautoe: unakwaza watu, utaharibu biashara. Walikataa, wote wawili. Kwao, kuutoa ule wimbo ilikuwa kutoa sababu ya mchezo. Mwaka 1953, mchezo ulipofika Atlanta, wabunge wa jimbo la Georgia walipiga kelele, wakaleta hata mpango wa sheria kuzuia michezo yenye mawazo eti ya Moscow. Hammerstein alijibu kwamba anashangaa kusikia kitu chenye utu lazima kiwe kimetoka Moscow.

Mbele ya kelele hizo, mwaka 1950, South Pacific ilikuwa imeshapata tuzo ya Pulitzer ya mchezo wa kuigiza. Ilionyeshwa mara 1,925. Wale waliosema biashara itaharibika walikosea hesabu.

Mbegu walizoacha

Kwa jumla walitoa michezo tisa ya jukwaani, filime State Fair ya mwaka 1945 na Cinderella ya televizio ya mwaka 1957. Si yote iliota. Allegro ya mwaka 1947 iliwachanganya watu. Pipe Dream ya mwaka 1955 ilipoteza pesa. Lakini The Sound of Music ilipofunguliwa Novemba 1959, wakubwa wa Broadway walikuwa wanafanya kazi kwa kipimo chao: wimbo ambao hausogezi hadithi, unatolewa.

Hammerstein alikufa kwa kansa ya tumbo tarehe 23 Agosti 1960, miezi tisa nyuma ya ufunguzi ule. Taa za Times Square zilizimwa dakika moja kwa heshima yake.

Alikuwa ameacha mwanafunzi. Kule Doylestown, kijana jirani wa miaka 15 alimletea mchezo alioandika kwa ajili ya shule, akamwomba ausome sawa hamjui mwandishi. Hammerstein alimwambia ni kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kusoma. Halafu alikaa naye mchana mzima, ukurasa kwa ukurasa, akimwonyesha kwa nini. Yule kijana ni Stephen Sondheim. Mwaka 1957 njo yeye aliandika maneno ya nyimbo za West Side Story, na baadaye akawa mkubwa wa kizazi chake. Naye Sondheim alimsikiliza na kumshauri kijana mwingine, Lin-Manuel Miranda, ambaye mwaka 2015 alileta Hamilton, historia ya Marekani kwa rap. Kutoka mama wa siagi mpaka rap, swali ni lilelile: huyu mtu anataka nini, na kwa nini anaimba?

Rodgers aliishi mpaka mwaka 1979. Aliendelea kutunga, mara moja hata na Sondheim, mwaka 1965, na wawili hawakuelewana. Muziki aliubakiza. Mwenzake hakumpata tena.

Jina la nani mbele?

Narudi kwenye pepinieri. Angalieni kitu hiki. Kwenye kazi, Hammerstein alitangulia: maneno kwanza. Kwenye jina, Rodgers alitangulia, na dunia yote inasema Rodgers na Hammerstein mpaka leo. Na walipofungua kampuni yao ya kuchapisha nyimbo, hawakuweka jina la mmoja wala la mwingine. Baba zao wote wawili waliitwa William. Wakaiita Williamson Music, yaani ya watoto wa William.

Mimi na mwenzangu tulipoteza msimu mzima wa miche kwa jambo ambalo wale wawili walilimaliza kwa kukumbuka baba zao. Yeye anajua soko, mimi najua udongo. Swali letu lilipaswa kuwa: kazi ya nani inatangulia ili miche iote? Siye tuliuliza jina la nani linatangulia ili watu waone.

Wiki iliyopita nimemwandikia. Nimemwambia jina lake linaweza kutangulia, na kwamba mbegu za kabichi tulizonunua pamoja bado ziko kwangu, kwenye fasi kavu, hazijaharibika. Bado hajajibu. Msimu wa mvua bado haujaanza.